Nijiite Nani Mbele ya Mio

Anderlecht, Bruxelles
Jumapili, 26 Aprili

Mdogo wangu mpendwa Gracieuse, Mama Ornella,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Uvira, Mulongwe, wewe na wote wanaokula kwenye sufuria yako. Magoti yanasemaje msimu huu wa mvua? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea kwa mkono wa Papa Kazadi, unaitumia, au umeifungia kabatini pamoja na vikombe vizuri vinavyongoja mgeni asiyefika? Nakujua. Ornella na watoto wake hawajambo? Na jogoo wako, yule mwenye kiburi anayewika mchana kweupe kila nikipiga simu, bado anatembea uani au mlimla Pasaka? Mimi huku sijambo. Mwili unafanya kazi na baridi imeanza kupungua, ingawa baridi ya huku hata ikiaga haifungi mlango nyuma yake.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu iko. Lakini simu yako anaishika mwanao Aaron, na Aaron hajui kuongea na mtu bila kuweka haut-parleur, sauti itoke uani, mpaka majirani wananisalimia kabla yako. Mambo niliyo nayo leo si ya haut-parleur. Papa Kazadi anasafiri Jumatano, atapitia Bujumbura avuke mpaka hadi kwako, na nimemwambia bahasha hii aitie mkononi mwako, si mkononi mwa mtoto. Chukua miwani, keti chumbani, usome mwenyewe. Marehemu Papa hakututandika bure ili tujue kusoma na kuandika Kiswahili cha shule.

Mwezi wa kwanza uliniomba namba ya mwanangu Noé. Ulisema Aaron anataka kusoma Japani, na kwamba kaka yake akiwa tayari huko Nagoya, na kazi nzuri, anaweza kumwelekeza. Nilikujibu kuwa Noé amebadilisha simu, nitakutumia namba mpya wiki inayofuata. Wiki hiyo inayofuata imefika mwezi wa nne. Hujaniuliza tena hata mara moja, na mtu asiyeuliza mara ya pili mimi huwa namwogopa. Nitakujibu leo, lakini niache nifike huko kwa miguu yangu.

Kwanza nikupe habari ambayo itakuchekesha. Ninajifunza Kijapani. Ndiyo, mimi, mwenye miaka hamsini na saba na meno ya kuweka. Tangu mwezi wa tisa, kila Jumamosi asubuhi napanda metro hadi Saint-Josse, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la mapazia, na huko tunakaa wanafunzi wanane mbele ya mwanamke mmoja mwembamba anayeitwa Madame Hamada. Anafundisha kwa Kifaransa cha taratibu, na ukikosea hakukemei. Anafumba macho kidogo tu, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Nimejitahidi sana asifumbe macho kwa ajili yangu.

Najua utauliza kwa nini. Darasani nako waliniuliza. Kuna kijana mmoja wa Buyenzi kule Bujumbura, Radjabu, anafanya kazi ghalani karibu na kwangu. Yeye ndiye pekee ninayeongea naye Kiswahili pale. Siku ya kwanza alinifuata kwenye ngazi akaniuliza, mama, wewe hiki kilugha unakitafutia nini, mimi angalau nina bosi Mjapani. Nilimwambia mwanangu yuko huko, nataka nikienda kumtembelea nisipotee sokoni. Akanisifu, akasema mtoto wangu ana bahati. Nilimshukuru nikashuka ngazi haraka.

Huo ulikuwa uongo, Gracieuse, na haukuwa wa kwanza.

Lakini nimalize habari za darasa. Mwezi wa kumi Madame Hamada aliandika ubaoni maneno matano au sita, akasema yote maana yake ni mimi. Tulidhani anatania. Akatueleza kwamba kwao mtu hafungui mdomo kusema mimi kabla hajajipima: nani yuko mbele yangu, na mimi ni nani kwake. Lipo neno watashi, ambalo linamfaa karibu kila mtu, kama gauni la kwendea ofisini. Lipo boku la vijana wa kiume wenye adabu, na lipo ore la wanaume wakiwa peke yao na wenzao. Alituambia kila mmoja achague lake akae nalo mwaka mzima. Radjabu alirukia ore kwa sababu alilisikia kwenye katuni za wanawe. Mwalimu akamwambia kwamba akilisema mbele ya bosi wake itakuwa kama kaingia ofisini bila shati. Radjabu alicheka akabaki nalo, akasema bosi mwenyewe ana tumbo baya zaidi. Msichana mmoja wa hapa, Anaïs, mwenye nywele za rangi ya majani, alitaka boku la wavulana. Wakabishana, na mwishowe mwalimu akasema mdomo ni wake. Mimi nilipewa watashi bila kuulizwa, na kwa miezi mitatu nikawa nalo. Watashi ninatoka Kongo. Watashi ninafanya usafi kwenye nyumba za watu. Watashi ninaishi peke yangu.

Hiyo ya mwisho niliisema vizuri kuliko zote. Mwalimu alinisifu kwa matamshi.

Unajua mimi si mtu wa kulalamika, lakini leo nakwambia. Jengo letu lina ghorofa kumi na mbili na mimi niko ya tisa, na kwenye lifti watu wanatazama namba za vitufe kana kwamba zitabadilika. Nyumba ninazosafisha, wenyewe huwa wameenda kazini, wananiachia ufunguo na karatasi ya maelekezo. Kuna siku nafika nyumbani jioni nikihesabu maneno niliyosema tangu asubuhi, nakuta ni bonjour ya kusalimu na au revoir ya kuaga tu, tena nyingine nilimwambia paka. Upweke wa huku hauumi kama kidonda, Gracieuse. Unakuzoea, unakaa na wewe mezani, mpaka siku moja unajikuta unaweka sahani mbili.

Jumapili nikienda kanisani kwa Wakongo wenzetu, mtaa wa Matonge, ndiyo nasikia jina langu, na jina lenyewe ndilo linalonichoma. Maman Noé, Maman Noé, kuanzia mlangoni. Maman Kabeya ananishika mkono kila wiki na kuniuliza, "Maman Noé, mutoto anasema nini kule kwa ba Japonais?" Nami najibu anasema vizuri, amepiga jana, anawasalimia wote. Wanashukuru Mungu. Mara moja walinisimamisha mbele ya kanisa nitoe ushuhuda wa mtoto aliyefanikiwa, nikautoa, na wakapiga vigelegele.

Na wewe pia nilikuambia hivyo hivyo. Kila Krismasi, kila Pasaka, Noé anakusalimia sana Maman Mudogo wake. Na wewe ulijibu kila mara, asante, umusalimie na wewe. Noé hajaniita kwenye simu kwa miaka sita. Namba yake sina. Hiyo ndiyo sababu sikukutumia.

Kitu pekee nilichokuwa napata kutoka Nagoya ni kadi moja kila mwaka mpya. Ni desturi yao, kama sisi tunavyopeleka sahani ya chakula kwa jirani siku ya sikukuu: kila familia inaandikia wote inaowahesabu kuwa ni watu wake. Anayeandika ni mke wake, Sayaka. Chini yake lipo jina la Noé, lakini herufi ni zile zile za mkono wa Sayaka, na mimi mwandiko wa mwanangu naujua, ule wa kuku aliyetoka matopeni. Miaka ya kwanza kadi nilizitia kwenye droo na vijiko bila kujibu. Mwaka jana kadi ilikuja na picha ya mtoto wao wa kike. Anaitwa Mio, sasa ana miaka mitano. Gracieuse, ana paji la uso la Mama yetu. Mbali kule, kwa watu wasiojua hata Uvira iko wapi, kuna kitoto kimevaa paji la uso la Mama na koti la mvua la njano. Nilikaa nayo hiyo picha miezi minane, kisha nikaenda kujiandikisha kwa Madame Hamada, kwa sababu Sayaka hana Kifaransa wala mimi sina Kiingereza.

Kadi ya mwaka huu Mio mwenyewe alichora farasi mwenye miguu mitano. Nyuma Sayaka aliandika namba ya simu, yake, si ya Noé, na neno moja la Kifaransa ambalo lazima alilitafuta kwenye kamusi: bienvenue, karibu.

Nilimwendea mwalimu baada ya somo nikamuuliza, bibi akiongea na mjukuu wake anatumia mimi ipi? Uso wake ulifunguka. Akasema bibi hatumii yoyote. Bibi anajiita bibi: obaachan atakuja, obaachan amekununulia. Nilicheka kwa sauti, maana hiyo kumbe naijua, ndivyo tunavyosema sisi. Wewe mwenyewe kila siku unawapigia kelele watoto wa Ornella, shukeni hapo, bibi atawachapa. Nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba Kijapani hakiko mbali sana na jiko letu. Kisha mwalimu akaongeza, kwa upole wake, kwamba hilo si neno la kujipa tu. Mtu hulitumia kwa mtoto anayemjua tayari kuwa ni bibi yake. Akaniuliza kama mjukuu ananijua. Nilisema ndiyo.

Basi nilitayarisha ujumbe wiki tatu. Siku ya kuurekodi nilivaa kitenge na kilemba, kwa ujumbe wa sauti tu, wewe cheka. Nilisimama jikoni nikaurudia mara tisa. Mio-chan, huyu ni obaachan. Obaachan yuko Bruxelles. Obaachan ameona farasi wako, ni mzuri sana. Nikautuma kwa namba ya Sayaka nikakaa chini, kilemba bado kichwani.

Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye metro kwenda kazini. Nilibana simu sikioni na kidole sikio la pili. Kitoto kikaongea, kisauti chembamba, maneno yanakimbia kama ushanga uliokatika uzi, nami nikishika moja hapa moja pale. Halafu mwishoni kikavuta pumzi na kikasema, kwa Kiswahili, polepole, kwa kibwagizo ninachokijua tangu utoto wangu: "Lala muzuri, panya asikule vidole."

Dunia nzima amebaki mtu mmoja tu anayeagana na watoto hivyo. Ni wewe. Ulimwambia hivyo Noé kila jioni kwa miaka saba.

Nilipita kituo changu. Nilipita na kilichofuata. Jumamosi nilimpa mwalimu simu asikilize na aniandikie mengine. Aliandika kwa Kifaransa kwenye daftari langu, akasimama katikati, akanitazama, nikamwambia aandike tu. Mio alikuwa ananiuliza, wewe ni obaachan yupi? Obaachan wa Jumapili ana jogoo. Je, na wewe una jogoo? Baba anasema mama yake ni yule mwenye jogoo.

Madame Hamada alifunga daftari taratibu akaniuliza kama ningependa chai. Sikujua kwamba mtu anaweza kuona haya kwa lugha asiyoielewa, lakini inawezekana.

Nisikufiche, nilikukasirikia. Wiki tatu mlipokuwa mnanipigia na Aaron akaniandikia kwamba una wasiwasi, sikuwa kazini wala sikuwa na mafua. Nilikuwa nimekaa nikiitazama simu inavyolia na jina lako juu yake. Nilisema huyu mwanamke amenikalia kimya miaka sita. Mimi namdanganya kwamba Noé anamsalimia, naye anapokea salamu za uongo mchana, na jioni ileile pengine ameongea na Noé mwenyewe, na mke wake, na mtoto wangu, mtoto wa mtoto wangu. Nilikuita majina ambayo sitayaandika, Papa Kazadi ni mzee wa kanisa na bahasha haijafungwa vizuri.

Halafu hasira ikaisha, maana hasira inahitaji mtu wa kuipokea na hapa ghorofa ya tisa hakuna. Nikaanza kufikiri. Simu yako anaishika Aaron. Basi kila Jumapili Aaron ndiye anayeipiga Nagoya, na namba ya Noé iko kwenye vidole vyake. Sasa mwezi wa kwanza uliniomba namba ya nini? Hukuwa unaiomba, mdogo wangu. Ulikuwa unanifungulia mlango ili niseme sina, nipate kulia, tuyamalize. Nami nikakwambia wiki ijayo.

Leo naingia kwenye huo mlango. Najua Noé atakuwa amekuambia kwamba tuligombana kwa ajili ya ndoa. Ni kweli, lakini sidhani kama alikuambia neno lenyewe, maana mtoto uliyemlea wewe hawezi kulirudia. Ilikuwa ule mwaka wa ugonjwa, tulipofungiwa ndani wote. Alinipigia kwa video akaniambia ameoa. Ameoa tayari, Gracieuse, kwenye ofisi ya mji, mashahidi wawili na barakoa usoni, bila mahari kuzungumzwa, bila mjomba hata mmoja kukaa na wakwe, na msichana alikuwa na mimba. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kanisani kwamba harusi itakuwa Bruxelles. Nilikuwa peke yangu miezi miwili sijamgusa mtu. Sisemi hayo kujitetea. Nakwambia tu nilivyokuwa.

Nilisimama mbele ya simu, nikafungua blauzi, nikashika ziwa langu. Unajua maana yake. Kwetu mwanamke anaweza kumtukana mwanawe mchana kutwa na jioni wakala pamoja, lakini akishika ziwa na kuapa, watu wazima hukimbia kuja kumziba mdomo. Hapa hapakuwa na wa kunikimbilia. Nikasema, kwa ziwa hili ulilonyonya, kuanzia leo mimi si mama yako, na usije ukaniita mama tena.

Hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, ndiyo, mama, nimesikia. Kisha akakata. Hakuniita tena.

Na sasa ndiyo naufikia uovu wangu wenyewe, ule ambao sijamwambia mchungaji wala mtu. Ziwa lile hakulinyonya. Wewe unajua na mimi najua, na sasa naona hata yeye alijua. Nilipomzaa, homa ilinilaza hospitali wiki tano nikiwa sijitambui, na nilipoamka maziwa yalikuwa yamekauka. Wewe ulikuwa na Ornella wa miezi miwili. Ulimweka Ornella kulia na Noé kushoto, na mtaa mzima ukakucheka kwamba umekuwa mbuzi. Halafu vita vilipokuja na baba yake hakurudi, mimi nikakimbia nikamwacha mgongoni mwako ana miaka mitatu. Alikuja kwangu akiwa na kumi, na wiki ya kwanza alikuwa anaamka akiita mama, nakwenda, nakuta si mimi anayeitwa. Sikukuambia. Nilimfundisha akuite Maman Mudogo, na nilimsahihisha kila alipokosea, miaka na miaka, mpaka akazoea. Nilitaka sana kuwa mama peke yangu. Kisha siku niliyotaka kumlaani nilitafuta kitu kizito cha kuapia, na sikuwa nacho. Nikaapa kwa maziwa yako.

Mwezi huu nilijaribu kulifuta. Unakumbuka Mama alivyokuwa akifuta neno baya: anajaza maji mdomoni, anasimama kizingitini, anayatema nje, anasema neno limeanguka. Nilifanya hivyo hapa, Jumapili iliyopita, mlangoni pangu. Jirani akatoka na mbwa wake wakati ule ule, nikamtemea karibu na viatu. Nilichukua kitambaa nikapiga goti nikapangusa huku nikisema pardon, pardon, na yule mzee akasema si kitu, akanitakia Jumapili njema. Ni maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Lakini nilipofunga mlango nilijua neno halijaanguka. Neno lilikuwa la kwangu, ila ziwa ni lako, na mwenye ziwa ndiye anayeweza kulifuta.

Nakuomba basi. Ukiweza, chukua maji, simama kwenye kizingiti cha nyumba alikotambaa, uyateme, useme dada yangu aliapa kwa kisicho chake na mwenye nacho amekataa. Ukishindwa pia nitaelewa. Lakini Noé mwambie kwamba nimekiri kwako kwa mkono wangu. Usimbembeleze aniite. Mwambie tu.

Na kuhusu Mio, sikuombi unipishe. Obaachan ni wewe, umelipata neno hilo kwa mtoto mwenyewe, kwa Jumapili zako na kwa jogoo wako, na sitalitumia tena. Watashi nayo imenishinda, siwezi kuongea na paji la uso la Mama kama ninaongea na watu wa ofisi. Nilimuuliza mwalimu kama kuna mimi nyingine iliyobaki. Alifikiri sana, akasema kule watoto wadogo, kabla hawajachagua, hujitaja kwa jina lao. Mtu mzima akifanya hivyo watu watacheka kidogo. Nikamwambia wacheke.

Ujumbe wa pili uko tayari kwenye simu. Ni mfupi. Mio-chan, huyu ni Euphrasie. Euphrasie yuko Bruxelles. Euphrasie hana jogoo. Sijautuma. Nangoja neno lako, na safari hii simu yako ikilia nitaipokea hata kama Aaron ameweka haut-parleur.

Nisalimie Ornella na wanawe, na Aaron umwambie asome kwa bidii, namba anayo. Nisalimie pale kaburini kwa Papa na Mama. Saa ninayoandika hapa ni saa sita ya mchana, kwako ni hiyo hiyo, na Nagoya jua limeshazama. Najua mko kwenye simu. Usimwache alale bila kumtaja panya.

Barua zangu zote nilizimalizia kwa Mama Noé. Hii siwezi.

Ni mimi,
Euphrasie